Nina Kigugumizi, Nitarudia

Vuteni viti, wanangu, mkae pale ninapoweza kuwaona wote wawili bila kugeuza shingo, mniache niseme mpaka mwisho, maana sauti ya leo ninayo na ya kesho siijui.

Kigugumizi changu nilizaliwa nacho. Marehemu shangazi, aliyenilea, alikuwa akinimalizia kila neno kwa huruma yake, nikawa mwari mzima sijawahi kufikisha sentensi mbele ya mgeni. Nikitaka kuomba maji, yeye anasema chai, basi nakunywa chai.

Mnajua nilifanya kazi stesheni, lakini hamjui nilianzaje. Nilikuwa dirishani nakata tiketi, kazi niliyoichagua kwa sababu abiria ndiye anayesema, karani anaitikia kwa kichwa tu. Jioni najifungia chumbani kwangu, nashika ratiba ya treni, naisoma kwa sauti, pumzi kwanza neno baadaye, mpaka jirani akadhani nina mgonjwa ndani ninayemwombea. Nilijiambia kwamba siku kigugumizi kitakapokwisha ndipo nitaanza kuishi: nitakwenda kwenye harusi za watu, nitabishana sokoni, nitampenda mtu. Mambo yote hayo nilikuwa nimeyaweka kando, yanangoja nipone.

Asubuhi moja mtangazaji wetu akaamka hana sauti kabisa. Mkuu wa stesheni akaja dirishani, mtu mfupi mwenye kofia iliyomzidi kichwa, akaniambia, "Leo utatangaza wewe. Ratiba yote unayo kichwani."

Nikamwambia nina kigugumizi.

"Najua," akasema. "Lakini treni haijui, nayo inaondoka."

Nikapanda kwenye kile chumba kidogo cha juu cha matangazo, ambacho hata sasa nikifumba macho nakiona: kiti chenye mto uliochanika, kioo chenye vumbi, harufu ya mafuta ya injini ikipanda na ngazi, na kipaza sauti kimefunikwa kitambaa kama mtoto aliyelala. Nikabonyeza kitufe, nikaanza vizuri tu, treni ya asubuhi iko tayari, na neno "kuondoka" likagoma. K, k, k, stesheni nzima. Chini watu wamesimama na mizigo yao wameinua nyuso, wengine wanacheka, wapagazi wanatazamana. Mkono wangu ulishafika kwenye kitufe nizime nikimbie. Sijui nani aliniambia, niliuondoa, nikavuta pumzi, nikasema, "Nina kigugumizi. Nitarudia." Nikarudia. Neno likatoka limechakaa lakini zima, na watu wakapanda treni yao.

Nililia kule juu peke yangu, kwa furaha. Nilikuwa nimelitaja jambo lile mbele ya watu kwa mara ya kwanza, na paa halikuanguka.

Mchana akaja dirishani kijana wa karakana ya mabehewa, nguo zimejaa grisi, wala hakuwa na safari.

"Wewe ndiye uliyekwama?"

"Ndiyo."

"Niliweka nyundo chini nisikie utamalizaje."

Huyo ndiye baba yenu. Tumezeeka pamoja, nimemzika, na sijajua bado kama siku ile alikuwa ananitongoza au anauliza tu.

Wakanipa kazi ile moja kwa moja, nikaifanya mpaka walipoleta mashine ya kutangaza. Mazoezi sikuyaacha, hata mimba zenu nilizibeba nikisoma ratiba kwa sauti, nanyi tumboni mnasikiliza. Ila zamani nilisoma kwa kujichukia, na baada ya siku ile nilisoma kwa kuipenda kazi, na hapo ndipo ulimi ulipoanza kulainika. Kigugumizi kilipungua, hakikuisha. Tulizoeana.

Sasa nyie. Wewe mdogo umerithi ulimi wangu. Hospitali unakofanya kazi imekuomba ufundishe wauguzi wapya, ukajibu utaanza ukishapona, wakarudi kukuomba tena, ukajibu vile vile. Ndevu zimeshaingia mvi, baba. Nenda ukafundishe na kigugumizi chako, na mazoezi uendelee nayo huko huko.

Na wewe mwanangu wa kwanza, ulimi wako mwepesi, lakini unakata kama wembe. Mke wa mdogo wako hakanyagi humu tangu ulipomtukana mbele ya wageni, na ukiambiwa unasema, "Mimi ndivyo nilivyo." Sawa, ndivyo ulivyo, nami nimekupenda hivyo tangu ulipokuwa unang'ata wenzako shule ya chekechea. Lakini mtu akishajikubali asifunge mlango akalala. Hasira ni yako, itaje mbele ya watu bila kuionea haya, kisha ishughulikie kila siku kama mimi nilivyohangaika na herufi moja. Nenda kwa wifi yako kwa miguu yako, usitume mtu, umwombe radhi.

Nyumba hii ni yenu sawa kwa sawa, wala isiuzwe kabla nyie wawili na huyo wifi hamjala meza moja humu ndani. Cherehani mpeni yeye. Nguo zangu wapeni majirani, ila koti la baba yenu la karakana nizikeni... hapana, liacheni, lina grisi. Mtalivaa mkifanya usafi.

Siku ya mazishi, atakayesema juu yangu ni mdogo. Usinitazame hivyo, dada mtu, najua unasema vizuri. Siku hiyo kaa karibu naye, na akikwama nyamaza. Watu watangoja. Mwenye shughuli sitakuwa na haraka.

Niinueni mto kidogo... hapo. Mungu awape pumzi ndefu. Awape k... kazi ya kupenda, na mtu wa kuwasikiliza. Mkikosea msijitupe, na m... mkipatia msilale. Leteni mikono. Wako wa baridi, mwanangu, uweke hapa juu ya wangu. Na wako. Hivyo hivyo... msiitoe.