Kunyooshwa na Kujinyoosha

Sifa zote ni za Mungu wetu, ndugu zangu. Nawasalimu ninyi mlioketi mbele, na ninyi mlio karibu na mlango ambao mmekuja mkiwa tayari kuondoka. Leo mkae kidogo. Mimi ni Vumilia, mama yake Nsimire, wa hapa Kadutu. Wengi wenu mnanijua kama yule maman aliyekuwa akisali amesimama wakati wenzake wote wamepiga magoti. Najua mlisema nina kiburi, maana maneno yenu yalinifikia. Ndugu zangu, ulikuwa mgongo.

Nilizaliwa Walungu, nikaolewa Nyantende. Tangu usichana nilibeba mizigo mgongoni kwa kamba ya kichwani kama mama zetu wote: kuni, mihogo, makaa, hata mchanga wa kujengea nyumba za watu. Mume wangu alipokufa nilihamia mjini nikaendelea kubeba, kwa sababu Nsimire alikuwa shuleni na sikutaka atoke. Mgongo huu ndio uliomsomesha. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi, na katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyesimama mbele ya darasa kabla yake. Siku alipopewa darasa nililia kama mtu aliyefiwa, majirani wakaja kunipa pole.

Lakini mgongo nao ulikuwa na hesabu yake. Sijui maumivu yalianza lini. Mwanzoni yalikuja jioni na kuondoka asubuhi, kisha yakaacha kuondoka. Nikiinama kuosha sufuria, nilihitaji ukuta ili kuinuka. Usiku nilijigeuza kitandani kwa awamu, kwanza mabega, halafu miguu, na katikati yangu ikafuata ikiwa na hasira. Miaka ikapita hivyo, ndugu zangu, nami nikaona ndiyo maisha yangu.

Hapo majirani wakanipeleka kwa Papa Cikuru, mzee wa kule Miti anayenyoosha watu migongo. Wengine humu ndani mlisema ni mambo ya uchawi. Mimi nilikwenda, nikaona. Yule mzee anaosha mikono, anasali, kisha anakulaza ubavu. Mkono mmoja anauweka begani, mwingine kwenye nyonga, anakwambia utoe pumzi, na kabla hujaimaliza unasikia kwaa. Mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka mbuzi wake wakakimbia. Halafu nikasimama, na nilikuwa nimenyooka. Nilimkumbatia yule mzee mbele ya mke wake, na mke wake akacheka.

Nasema kweli mbele za Mungu, Papa Cikuru alinisaidia. Nikitoka kwake nilikuwa mwepesi. Shida ni kwamba ile raha haikukaa. Nilipanda moto, ile pikipiki ya abiria, kurudi Bukavu, na kila shimo la barabara liliniomba kipande chake. Nikifika Kadutu nilikuwa bado mzima, siku zikipita kidogo nikaanza kupinda tena, na mwisho nikarudi Miti kunyooshwa upya. Nilikuwa nasali hivi: Bwana, mpe Papa Cikuru maisha marefu, kwa sababu akifa yeye nami nimekwisha.

Kisha Neema akazaliwa. Ni mtoto wa kwanza wa Nsimire. Baba yake anachimba dhahabu Shabunda na hurudi kwa nadra, kwa hiyo tulikuwa watatu ndani ya nyumba. Na huyu mtoto Mungu alimuumba wa mgongoni. Ukimlaza analia, ukimpakata analia, ukimfunga mgongoni kwa kitenge ananyamaza palepale. Tulikubaliana na Nsimire kwamba Septemba, shule ikifunguliwa, yeye atarudi darasani na mimi nitambeba mtoto. Ni kazi ya bibi, hakuna anayebishana nayo.

Mwezi wa Julai nilitoka kwa Papa Cikuru nikiwa mwepesi, nikasema sasa nijaribu. Nsimire akanifunga mtoto. Nilipiga hatua chache tu uani, kitu kikanishika kiunoni, miguu ikaishiwa nguvu, nikaanguka kwa magoti yangu yote mawili na mtoto mgongoni. Neema hakuumia, Mungu ashukuriwe. Nsimire alimfungua. Baadaye, akimnyonyesha, akasema polepole, bila kunitazama:

“Maman, iache tu. Nitaenda kuambia directeur wa shule atafute mwalimu mwingine.”

Ndugu zangu, sikulala. Mgongo uliomsomesha ndio huohuo sasa uliokuwa ukimtoa darasani. Niliomba kwa uchungu. Nilimwambia Mungu: sikuombi ujana, nakuomba nimbebe mtoto huyu mmoja.

Asubuhi Nsimire alinipeleka hospitali. Wakanipiga radio, ile picha ya mifupa, na daktari akasema hakuna kilichovunjika wala ugonjwa mbaya, ila misuli yangu ni dhaifu na mgongo umekakamaa. Akanituma kwa kine, yaani mtu anayetibu kwa mazoezi. Nilikuta msichana mmoja, Mademoiselle Mugoli, mpole, na foleni ya watu mlangoni mwake mpaka barazani. Akanipima, akanigeuza huku na huku, akauliza mengi. Mwisho, watu wakigonga mlango, akaniambia:

“Maman, tutaanza pole pole. Kila asubui na kila mangaribi utandike kirago chini, ulale chali, ujinyooshe vizuri. Usiache ata siku moja. Urudi kisha uniambie.”

Nikatoka nikimsifu Mungu. Dawa gani tamu kama hiyo? Maana sisi mtu akisema ngoja nijinyooshe kidogo, tunajua anakwenda kulala. Basi nilirudi nyumbani nikatandika kirago, nikalala chali, nikajinyoosha. Asubuhi nilijinyoosha. Jioni nilijinyoosha. Nilipoona ni rahisi, nikaongeza na mchana, ili Mungu aone bidii yangu. Nsimire alipika, akafua, akabeba mtoto. Majirani walikuja kunijulia hali, wakasimama juu yangu wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu waliokuja kwenye msiba. Nami chini pale nikawaambia msijali, niko kwenye matibabu.

Mgongo ukazidi. Ukawa mgumu kama ubao. Nilirudi kwa kine nikichechemea, Nsimire kando yangu na mtoto, na moyoni nilikuwa nimekasirika.

“Maman, ulijinyoosha?”

“Sana. Ata muchana niliongeza.”

“Iko muzuri. Unionyeshe.”

Nikalala juu ya kirago chake, nikaunganisha mikono kifuani, nikafumba macho. Nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia Nsimire akikohoa. Baada ya muda yule msichana akauliza kwa upole:

“Maman, uko unafanya nini?”

“Niko najinyoosha.”

Nilifumbua macho nikamwona amegeukia dirisha, mabega yanatikisika. Nsimire alikuwa ameziba uso kwa kitenge cha mtoto. Nikawauliza kuna nini, ndipo wote wawili wakashindwa kujizuia, na mimi pale chini, bila kujua kosa langu, nikacheka nao kwa sababu ya vicheko vyao. Hata watu wa foleni walichungulia.

Mugoli akajifuta macho, akaja akalala chini kando yangu na koti lake jeupe. Akanionyesha kwa mwili wake mwenyewe. Kuvuta magoti kifuani. Kukunja magoti na kuinua kiuno juu. Kusimama kwa mikono na magoti, mgongo uinuke halafu ushuke. Akaomba msamaha kwamba siku ile hakunionyesha. Nikamwambia, mwanangu, Kiswahili ni cha wote wawili, kila mtu alichukua upande wake.

Sasa msidhani ilikuwa rahisi. Mara ya kwanza nilipoinua kiuno nilitetemeka mwili mzima. Niliogopa kwamba kitu kitakatika. Nikamuuliza kama niachane na Papa Cikuru, nikitegemea amseme vibaya. Hakumsema. Akaniambia:

“Kama mikono yake inakupatia raha, uende tu, daktari alishaangalia mifupa. Lakini siku yenye uko na raha, iyo njo siku ya kufanya mazoezi. Usiipoteze.”

Nikafanya hivyo. Nilikwenda Miti, nikanyooshwa, na kesho yake asubuhi nikawa juu ya kirago, safari hii nikifanya kazi. Nikaanza kupanda na kushuka vilima vya Kadutu kwa miguu. Kisha Mugoli akasema nizoee uzito kidogo kidogo kabla ya kumbeba mtoto. Basi nikafunga maharagwe kwenye mfuko, nikauweka mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, nikatoka. Wiki ya pili nikaongeza maharagwe. Mama mmoja, yupo hapa leo na simtaji, alinisimamisha njiani ili amwone mjukuu. Akafunua kitenge, akapapasa, akarudi nyuma. Habari ikafika kwa Nsimire kabla sijafika nyumbani kwamba mama yako amepotewa na akili.

Ndugu zangu, watu huniuliza kati ya Papa Cikuru na kine nani aliniponya. Najibu kama nilivyoona mwilini mwangu, mwingine mwili wake ni wake. Mikono ya mzee ilinipa raha siku ileile, kisha raha ikaondoka. Mazoezi yalichelewa, yakanichosha, yakanitia hata hasira, lakini yalipokuja yalikaa. Siwaambii mmoja ni wa Mungu na mwingine si wake. Na msiseme kwamba anayefanya mazoezi amekosa imani, kama nilivyosikia hapa hapa. Mimi kila nilipoinua kiuno nilisema amina. Wala siwadanganyi kwamba maumivu yamefutika. Siku za mvua yanakuja kunisalimu, nasi tunasalimiana, kisha naendelea na kazi.

Siku shule ilipofunguliwa Nsimire aliamka akavaa nguo zake za ualimu. Alikuwa bado hajasema chochote kwa directeur, alikuwa akingoja. Niliinama mbele yake, na niliinama bila ukuta. Akaniweka mtoto mgongoni, akazungusha kitenge. Akakifunga kwa kulegea, kama mtu anayetaka kukifungua upesi.

“Kaza,” nikamwambia.

“Maman, kama ikikushika?”

“Kaza, mwanangu. Unachelewa.”

Akakaza. Nikanyooka, mimi mwenyewe, bila mkono wa mtu. Neema akaweka shavu lake kati ya mabega yangu akanyamaza. Nsimire alisimama akatutazama, akachukua mkoba wake, akateremka kilima. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye kona. Nililia, ndio, lakini nililia nikitembea, kwa sababu mtoto ukisimama anaamka.

Namshukuru Mungu kwa mikono ya Papa Cikuru, kwa uvumilivu wa Mugoli, na kwa Nsimire aliyekubali kukaza. Na wewe unayeumia, uliyekaa hapo ukiuangalia mwili wako kama adui, nakuomba umtumaini Bwana. Nenda ukapimwe. Omba, na ukishaomba, tandika kirago. Mungu alinijibu mapema kwa neno moja, nami nikalisikia vibaya, nikalala nalo. Hakunikasirikia. Alingoja mpaka nilipolisikia vizuri, nikainuka.