Ephantus Kabiru na Pikapu ya Soy

Tarehe 30 Septemba 1988, Mzee Ephantus Kabiru atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na saba katika karakana ya ushirika wetu wa maziwa hapa Eldoret. Anayedhani ataiacha ikiwa safi hamjui.

Alianza mwaka 1961 akiosha malori, akapanda hadi kuwa fundi mkuu. Ukimwambia gari linabugia mafuta, hakubishana nawe. Alileta jagi la kupimia, akajaza tangi mpaka shingoni, akapanda nawe hadi mji mdogo wa Soy na kurudi, kisha akajaza tena. Madereva walimbandika jina la Jagi. Nicholas, dereva wetu wa siku nyingi, anakiri kwamba jagi hilo lilimuumbua mara mbili.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa ile pikapu. Mwaka 1980, mafuta yakiwa adimu, aliona kwamba gari la maziwa lilisimama kwenye malango arobaini kila asubuhi huku injini ikinguruma bure. Akachukua pikapu kuukuu, akang'oa injini yake, akatia injini ndogo ya petroli iliyokuwa ya pampu ya maji. Injini hiyo haikugusa magurudumu. Kazi yake ilikuwa kuchaji betri tu, na mota ya umeme ndiyo iliyosukuma gari. Tena aliichonga kemshafti ya injini hiyo, ule mhimili unaofungua na kufunga valvu, ili valvu ya hewa ichelewe kujifunga. Nguvu ilipungua kidogo, petroli ikapungua zaidi, na milima ikaachiwa betri.

Alihangaika nayo miaka mitatu. Mkewe, Mama Warigia, anasema hata kanisani alichora valvu nyuma ya karatasi ya matangazo.

Majaribio ya njia ya Soy, iliyo tambarare, yalitufurahisha sana. Mimi, karani wa karakana, ndiye niliyepima: kwa kila kilomita mia, pikapu ya kawaida ilikunywa lita kumi na nne, yake nane. Kamati ikataka nyingine tano zijengwe, na Mzee awe msimamizi wa magari yote. Cheo hicho alikuwa amekitamani tangu ujana wake.

Wiki moja kabla ya mkutano wa kupitisha mpango huo, aliipeleka pikapu Ainabkoi, kwenye milima, akiwa peke yake. Barabara ilikuwa tope tupu na pikapu imejaa mitungi. Katikati ya mlima betri zikaisha. Injini ndogo ilizichaji kwa muda wa saa tatu kando ya barabara, jua likapanda, na maziwa ya familia thelathini na moja yakaganda. Jioni alimwendea Mama Rael Jepchirchir, mmoja wa wenye maziwa, kumwomba msamaha. Mama alimjibu, "Mzee, hii gari yako inakunywa mafuta kidogo, lakini leo imekunywa maziwa yangu yote."

Angeweza kusingizia matope, nasi tungemwamini. Badala yake aliandika yote katika ripoti yake, akaniletea niipige taipu. Leo naungama: aya ya Ainabkoi niliiruka makusudi. Nilimpenda Mzee na nilitaka apate kile cheo. Alisoma nakala, akanitazama, hakunigombeza. Akaiandika aya hiyo kwa kalamu chini ya taipu yangu: Soy inafaa, Ainabkoi haifai, msijenge nyingine mpaka zipatikane betri nyepesi. Siku ya mkutano aliweka mezani mtungi wa Mama Rael, maziwa yakiwa yameganda humo humo. Mpango ukaahirishwa na cheo kikaenda kwa mwingine. Nilimnunia mwezi mzima, naye akawa ananiletea mahindi ya kuchoma kila siku saa nne asubuhi.

Pikapu ile bado inakwenda Soy kila asubuhi, na Nicholas ndiye anayeiendesha. Ainabkoi tunatuma lori, ambalo linakunywa sana, lakini linafika. Chai ya sherehe ya kumuaga itapikwa kwa maziwa ya Mama Rael. Amesema atayatuma bure, mradi yasipandishwe pikapu.

Mzee Ephantus, tunakushukuru kwa kila gari lililofika kwa sababu yako. Zawadi yako ni redio. Chini yake, ndani ya boksi, utakuta ripoti yako. Nimeipiga taipu upya, na safari hii sikuruka hata mstari mmoja.

Pumzika vyema, wewe na Mama Warigia, na Mungu awazidishie siku.

Virginia Nyaguthii
Karani wa Karakana