Udongo Usiochomwa: Miaka Thelathini ya Mama Severine Kitaluni

Jumanne tarehe 30 Juni 1987, saa tisa na nusu alasiri, Ndugu Bernadina Tluway atafunga bomba la kitalu chetu cha mboga hapa Mutuka, Babati, na kukabidhi ufunguo. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini ya utumishi. Wengi wetu hatujawahi kumwita kwa jina hilo lililo kwenye faili. Kwetu sisi ni Mama Severine, na kazi haianzi asubuhi kabla hajaitikia marahaba zake zote.

Alizaliwa nyanda za juu za Mbulu, katika nyumba ambayo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja, na tangu utotoni alibeba samadi kwa kikapu kwenda shambani. Julai 1957 aliajiriwa kibarua wa kuchota maji. Kitalu wakati huo kilikuwa matuta manne nyuma ya ofisi. Leo ni matuta arobaini, na ni vigumu kupata bustani ya nyanya au kabichi kati ya Bonga na Nakwa ambayo miche yake haikupita mikononi mwake. Mwaka 1973, akiwa na miaka arobaini na moja, aliingia darasa la elimu ya watu wazima akajua kusoma na kuandika. Herufi zake ni kubwa na zimesimama wima utadhani ziko kwenye gwaride. Msomaji azikumbuke herufi hizo, maana tutazirudia.

Viatu vya mpira alipewa jozi tatu kwa nyakati tofauti, na zote aliwapa wengine. Husema nyayo zake ndizo zinazojua tuta lipi lina kiu. Kwa wavuta sigara hana urafiki, kwa sababu mikono yenye tumbaku huambukiza nyanya. Mwaka 1982 mgeni rasmi kutoka mkoani alifika langoni na sigara yake, na Mama Severine akamzuia mpaka anawe mikono. Sabuni ilikuwa haionekani Babati nzima, hata kwenye duka la kaya la bidhaa za mgawo. Akamletea majivu ya jikoni kwenye sahani. Mgeni akanawa kwa majivu mbele ya wenyeviti wa vijiji, na hotuba ikachelewa kidogo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Faili la mtumishi huyu ni safi tangu ukurasa wa kwanza, isipokuwa barua moja ya onyo ya Februari 1984, inayomtuhumu kwa ukaidi na kwa kuleta ugonjwa kitaluni kwa makusudi. Iliandikwa na bwana shamba kijana aliyekuja na cheti kipya na suruali iliyonyooka. Bwana shamba huyo ni mimi, ninayeandika wasifu huu. Mama Severine alisema tangu mwezi wa nne kwamba hahitaji zawadi ya kustaafu, anachotaka ni faili lake liseme kweli kabla halijafungwa.

Miaka ile mnaikumbuka. Dizeli hakuna, Land Rover ya kituo imepandishwa juu ya mawe, dawa ya mimea tunaisoma kwenye vitabu tu. Katikati ya dhiki hiyo mnyauko wa bakteria ukaingia kwenye nyanya. Mche unaamka mzima, saa sita umelegea, baada ya siku tatu umekufa ukiwa bado wa kijani. Ester wa Nakwa, mjane anayeishi kwa bustani, alipoteza misimu miwili mfululizo, na akasema msimu wa tatu ukifa ataondoka kurudi kwa kaka zake na watoto wote.

Agizo langu lilikuwa moja: udongo wote wa kitalu uchomwe. Tuliuweka kwenye pipa lililopasuliwa, tukawasha moto chini, tukaukaanga mpaka usibaki na kiumbe hai hata kimoja. Ndivyo nilivyofundishwa. Miche iliyotoka kwenye udongo huo ilipendeza kuitazama, lakini ikihamishiwa bustanini inakufa. Nikaagiza uchomwe zaidi. Kuni zilitoka mbali, zikawa zinabebwa kichwani.

Mama Severine alinitazama siku moja nikisimamia moto ule, akaniambia kwa upole, "Mwanangu Aminiel, huu udongo umeuua. Sasa atakayeingia wa kwanza ndiye mwenye nyumba." Nilidhani ni maneno ya wazee, nikaongeza kuni.

Kumbe alikuwa ameona kitu. Katika bustani ya Ester iliyokufa, kila baada ya hatua kadhaa kulikuwa na shina moja limesimama, lina matunda, na majirani zake wote wamenyauka. Mimi niliyaona mashina yaliyokufa, nikayahesabu na kuandika ripoti. Yeye alichuchumaa kwenye yale yaliyo hai, akachota udongo uliokumbatia mizizi yake, akauchanganya na udongo wa zizi la zamani la Mzee Gidamanyega kule Bonga. Mzee huyo mfugaji alikuwa ameshahamisha mifugo, na alishangaa sana. "Mama, ng'ombe wameondoka, na wewe unakuja kubeba nyayo zao?" Hata hivyo alimsaidia kujaza magunia.

Nilimkuta langoni ana debe la udongo kichwani. Nilipojua kwamba sehemu yake imetoka kwenye bustani yenye ugonjwa, nilikasirika. Sikumuuliza swali. Laiti ningeuliza, angeniambia kwamba kwa miezi miwili alikuwa ameujaribu nyumbani kwake, kwenye makopo ya maziwa ya unga, mbali na kitalu, na hakuna mche hata mmoja ulionyauka. Nikaenda moja kwa moja kwenye taipureta. Nilipomkabidhi nakala yake aliisoma polepole, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Akauliza kama karatasi ile sasa ni mali yake. Nikasema ndiyo. Akaikunja vizuri, akashukuru, akarudi kwenye matuta yake.

Mkuu wetu wa kituo, Ndugu Marseli, ndiye aliyekuwa na busara siku ile. Alisema bustani ya Ester imeshakufa, hatuwezi kuiua mara ya pili. Ester mwenyewe akakubali. Tukapanda miche mia na ishirini iliyooteshwa kwenye udongo wangu uliochomwa, na mia na ishirini ya udongo wa Mama Severine, mstari kwa mstari. Kila Jumamosi yeye alikwenda Nakwa kwa miguu kuhesabu. Wiki ya nane ilipokwisha, yangu ilibaki ishirini na tisa. Yake ilikuwa tisini na minne. Msimu ule Ester alivuna mpaka akagawia majirani, na hakuhama. Bado yupo Nakwa, na siku ya kuaga ameahidi kuja na tenga la nyanya.

Mwaka uliofuata, tulipopanda tena mistari ya namna zote mbili, alikuja mtaalamu wa udongo akiwa na darubini yake. Aling'oa mashina ya pande zote mbili, akatwambia jambo ambalo sikulitarajia: vimelea vya mnyauko vilikuwepo kote. Tofauti ni kwamba kwenye mizizi ya Mama Severine vilikuta mahali pamejaa. Mzizi hutoa utomvu wenye utamu, na vijidudu vya udongo hukusanyika hapo kula. Vijidudu rafiki vikitangulia, vinamaliza chakula, vinashika nafasi, vingine hutoa hata sumu ya kuwazuia wabaya, na jamii nzima ya bakteria kuzunguka mzizi inabadilika. Katika udongo wangu niliouchoma hapakuwa na wa kuwazuia.

Mama Severine alisikiliza, akasema hayo wanayajua wanaogandisha maziwa. Kibuyu unakiachia maziwa kidogo ya jana ili ya leo yajue njia. Ukikichemsha na kukiacha kitupu, chochote kitakachodondokea humo ndicho kitakachotawala. Mtaalamu aliandika maneno hayo kwenye daftari lake, kisha akaomba kuona takwimu za jaribio.

Hapo ndipo herufi zile zinaporudi. Karatasi ilikuwa adimu miaka ile kama sukari, na ofisi haikuwa nayo ya kumpa. Mama Severine alifungua khanga yake akatoa nakala ya barua yangu ya onyo. Nyuma yake, kwa herufi zilizosimama wima, kulikuwa na hesabu ya miche ya Jumamosi zote nane. Ndiyo kumbukumbu pekee ya jaribio lile duniani. Ikawekwa kwenye faili lake siku hiyo hiyo mahali pa nakala ya ofisi, na sijawahi kuona aibu na fahari kwa pamoja kama siku ile.

Tangu wakati huo kila tuta letu jipya hupewa udongo hai, baada ya kujaribiwa makoponi miezi miwili, na pipa la kuchomea tumelifanya la kuhifadhia maji. Vijana aliowafundisha wanayafanya haya bila kusimamiwa.

Wiki iliyopita Ndugu Marseli aliniruhusu kuiondoa ile barua. Nilimfuata Mama Severine kumpa habari njema, naye akakataa. Alisema nikiitoa, miche yake itabaki bila ushahidi. Badala yake niifunge failini mgongo wenye hesabu ukiwa mbele, na chini ya maneno yangu ya zamani niandike mengine kwa mkono wangu. Nimefanya hivyo jana mbele yake. Nimeandika: "Nilikosea. Aliyeandika nyuma ya karatasi hii ndiye aliyekuwa sahihi." Akasoma polepole kwa kidole, akafika mwisho, akaniambia tarehe nimesahau. Nikaweka tarehe.

Mama Severine, ahsante kwa miaka thelathini, kwa nyanya za Babati, na kwa kunivumilia. Nenda kapumzike ukiwa na afya, shamba lako likuitikie, na wajukuu wakuchotee maji kwa zamu yao. Ila usiondoke na yote. Tuachie kidogo cha jana kwenye kibuyu.