Bi Kabla na Ajali Alizozisoma Kuanzia Mwisho

Ndege ndogo ikianguka, kosa ambalo karibu sote hulifanya ni kukodolea macho pale ilipoangukia. Tunatazama shimo, bawa lililokunjika, injini iliyojichimbia udongoni, kisha tunauliza nani amekosea. Jibu huwa limeshapatikana kabla mabaki hayajapoa: rubani. Ijumaa hii, tarehe thelathini, anastaafu mwenzetu ambaye kwa miaka thelathini na miwili ya utumishi amekataa kuanzia hapo. Shimo alilitazama kama sisi sote. Alipiga picha zake, alivua kofia kama kuna aliyefariki, halafu aligeuka na kuitazama njia ndege ilikotokea.

Jina lililo kwenye kitambulisho chake wachache wanalikumbuka. Hapa ofisini, viwanjani, na hata kwa mlinzi wa geti, yeye ni Bi Kabla. Jina hilo lilitokana na swali lake moja alilowauliza marubani, mafundi, wapakia mizigo na wakurugenzi bila ubaguzi: "Na kabla ya hapo?" Ukimwambia injini ilizimika, atataka kujua na kabla ya hapo. Ukimwambia ilizimika kwa sababu mafuta yaliingia maji, usidhani umemaliza. Mumewe, mwalimu wa hesabu, hutusimulia kwamba siku alipounguza sufuria ya wali alihojiwa hatua kwa hatua mpaka akafika kwenye simu aliyopigiwa na dada yake asubuhi. Uchunguzi ukafungwa, na lawama zote zikamwangukia wifi.

Alianza kazi akiwa fundi mwanafunzi katika karakana ya ndege ndogo, chini ya mzee ambaye kila mtu alimwita Fundi Mkuu. Kwa kuwa alikuwa mwembamba kuliko wenzake, kazi yoyote ya ndani ya mkia wa ndege ilikuwa yake. Aliingia kichwa kwanza, akatoka saa nzima baadaye na vumbi mpaka kwenye kope, na Fundi Mkuu alimuuliza kama huko ndani amekuta nyumba ya kupanga. Mzee yule ndiye aliyemfundisha kushika spana, kusikiliza injini kwa kuweka kiganja juu ya bati, na kutokopa kifaa bila kukirudisha. Alimwita "binti yangu", na Bi Kabla hakuwahi kumwita kwa jina lingine ila "mzee wangu".

Baadaye alisomea uchunguzi wa ajali, akajiunga nasi. Wakati huo ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kituo cha zimamoto cha uwanja. Tulikuwa na meza yenye mguu mfupi ulioinuliwa kwa kipande cha pistoni, birika moja, na banda la mabaki ambamo paka wa mlinzi alizalia kwenye kiti cha abiria. Bi Kabla aliweka kibao mlangoni kuwaomba watu wasimsumbue mzazi. Kiti kile kilikuwa kielelezo muhimu, lakini kilisubiri mpaka watoto wa paka walipofumbua macho.

Ndege alizozishughulikia ni zile za kazi: injini moja, panga boi moja mbele, miguu isiyokunjwa, mabawa juu ya paa. Zinabeba daktari leo, kesho mbegu, keshokutwa vipuri vya trekta. Watu hudhani zinaanguka kwa mambo makubwa, dhoruba au radi. Bi Kabla alitufundisha kwamba mara nyingi sababu ni ndogo, tena ya kuchosha kuisimulia. Chukua mapipa ya mafuta. Pipa likisimamishwa wima nje, maji ya mvua hutuama juu, pale kwenye kizibo. Jua likipiga, mafuta hutanuka. Jua likizama, mafuta hunywea, na pipa huvuta pumzi pamoja na yale maji. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, na chini ndiko pampu inakonyonya. Rubani mmoja alitua kwenye shamba la mahindi kwa sababu hiyo, akatoka mzima, akiwa na hasira na injini. Bi Kabla hakugombana na mtu. Alikwenda kwenye bohari, akalilaza pipa kwa ubavu, akamwachia mtunza bohari maelezo. Leo mapipa yamelala viwanja vyote.

Mara nyingine mshale wa kasi ulikufa angani kwa sababu nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya mrija unaopima upepo. Mrija huo una kifuniko chake, chenye utepe mrefu mwekundu ili rubani asisahau kukivua. Swali likawa kifuniko kilikwenda wapi. Baada ya "na kabla ya hapo" kadhaa, kilipatikana kwenye ofisi ya tiketi, kikining'inia kwenye funguo za choo. Karani alikuwa amechoka kuzitafuta, na utepe mwekundu haupotei. Tulicheka sana, na karani alicheka mwisho.

Lakini kazi anayokumbukwa nayo zaidi haikuwa ya kucheka. Ni ajali ya ndege ya dawa.

Ilikuwa ndege ya viti sita, asubuhi ya hewa safi, kwenye kiwanja cha vumbi na nyasi. Nyuma kulikuwa na makasha ya dawa, na kando ya rubani alikaa muuguzi. Ilikimbia vizuri, ikainuka, halafu pua ikanyanyuka mno, kama farasi anayesimama kwa miguu ya nyuma. Hapa panahitaji maelezo kidogo. Bawa hubebwa na hewa inayolipitia kwa utulivu. Pua ikinyanyuka kupita kiasi, hewa ile huvurugika na bawa huacha kubeba, hata kama injini inanguruma kwa nguvu zake zote. Ndivyo ilivyokuwa. Ndege ilidondoka mwisho wa kiwanja. Muuguzi alivunjika mguu na mkono. Rubani alifariki.

Waliokuwa kiwanjani walisema neno moja: alikuwa akijionyesha. Walimwona kwa macho yao akiipandisha pua. Kampuni nayo ililipenda jibu hilo, maana lilikuwa fupi na halikugusa karakana. Zilibaki sahihi tu.

Mjane wa rubani alikuwa mshonaji. Alikuja ofisini kwetu wiki ileile, akakaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, akamngoja Bi Kabla mpaka aliporudi na viatu vyenye udongo. Wanawe wawili walikuwa wameanza kuambiwa shuleni kwamba baba yao aliangusha ndege kwa mbwembwe. Mama huyo alieleza kwamba mumewe alikuwa mtu wa kuogopa hata ngazi ya kubadilishia balbu, kazi hiyo aliifanya yeye mke. Alitaka kujua kama mtu wa namna hiyo anaweza kujionyesha angani. Bi Kabla hakumpa ahadi. Alimwambia kwamba bado hajui, na kwamba siku atakapojua, yeye mjane ndiye atakayeambiwa kwanza.

Akaenda wodini. Muuguzi alikuwa ameshahojiwa mara mbili, na mara zote alisema rubani aliuvuta usukani kwa nguvu. Bi Kabla alimrekebishia mto, akauliza swali lake. Muuguzi akasema kwamba kabla ya hapo alisikia mkwaruzo, akaona magoti ya rubani yakiondoka chini ya usukani. "Mama, hakuwa anavuta," alisema. "Alikuwa anajishikilia."

Ndani ya mabaki, kiti cha rubani kilikuwa nyuma kabisa ya reli zake. Wengine tulidhani kishindo ndicho kilichokisukuma. Bi Kabla alitukumbusha jambo ambalo kila abiria wa basi analijua: ukifunga breki ghafla, unarushwa mbele. Ndege ilipiga pua. Kiti kilichorushwa na kishindo kingekuwa mbele. Kiti hiki kilikuwa kimerudi nyuma kabla. Na mtu ambaye kiti kinamkimbia wakati ndege inainuka hushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni usukani. Akiushika ili asianguke, pua inapanda.

Kiti cha namna hiyo hushikiliwa na pini inayoingia kwenye tundu la reli. Tundu lilikuwa limejaa uji mgumu, mweusi, wa grisi na vumbi, kiasi kwamba pini ilikuwa ikigusa mdomo wa tundu tu. Rubani alikuwa amekaa, akajiona yuko sawa. Mtengenezaji wa ndege hutaka reli zile ziwe safi na kavu. Nani basi alizipaka grisi?

Hapo ndipo kazi ilipokuwa nzito, maana njia ile ya kurudi nyuma iliishia kwenye karakana aliyokulia. Marubani warefu na wafupi walikuwa wakipokezana ndege zilezile, wakilalamika kwamba viti vinakwama. Fundi Mkuu, kwa huruma yake, alikuwa na kopo la grisi lenye brashi iliyofungwa kwa kamba, na kila ndege ilipoingia kwa matengenezo alizipitia reli ili wanawe, kama alivyowaita marubani, wasipate taabu. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna aliyemkataza pia. Wakaguzi waliketi kwenye viti vile, wakamsifu kwamba vinateleza vizuri.

Bi Kabla alikwenda nyumbani kwa mzee badala ya kumwita ofisini. Wapo waliomshauri aandike tu kwamba reli zilikuwa chafu, mzee aachwe amalizie siku zake za kazi kwa heshima. Yeye mwenyewe alituambia kwamba njia nzima alitamani barabara irefuke. Alimweleza mzee alichokiona, kipande kwa kipande, kama mzee alivyomfundisha kueleza hitilafu. Fundi Mkuu alisikiliza, akainuka, akaleta lile kopo na kuliweka mezani.

"Andika grisi, binti yangu," alisema. "Mimi nitaishi nayo. Wale watoto wasiishi na uongo."

Aliandika. Aliandika grisi, vumbi, malalamiko ya marubani, wakaguzi waliosifu, na maelekezo ya mtengenezaji ambayo hayakuwahi kufika kwa fundi yeyote. Hakumwandika mtu mmoja kama kisa na mkasa, kwa sababu alipoifuata njia hiyo hadi mwanzo hakumkuta mtu mmoja. Kwa kuwa fundi alikuwa mlezi wake, aliomba mchunguzi mwingine arudie vipimo vyote, na vikatoka vilevile. Kisha, kabla ya mkurugenzi, kabla ya kampuni, alimkaribisha mjane na wanawe kwenye chumba chetu chenye meza ya pistoni, akawasomea. Mama yule aliomba sentensi moja tu irudiwe, ile inayosema kwamba rubani hakuipandisha ndege kwa hiari yake. Mtoto mkubwa akaomba aisome mwenyewe. Akaisoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma mbele ya darasa.

Yaliyofuata wengi mnayajua. Viti vya ndege zote za namna ile vilikaguliwa, na katika viwanja vingine yakakutwa matundu yaliyoziba hivyohivyo. Huruma ya aina moja, karakana tofauti. Fundi Mkuu hakujificha. Mpaka alipostaafu alizunguka na Bi Kabla karakana kwa karakana, kopo lake mkononi, akiwaeleza mafundi vijana kwa nini hawapaswi kuwa wema kama yeye. Wawili hao wakiwa safarini walitaniana bila kuchoka. Mzee alidai binti amemfanya maarufu kwa ubaya, na binti alimjibu kwamba angalau nauli ni ya ofisi. Na vile vifuniko vyekundu vya mirija mnavyoviona leo uwanjani, vyenye mshono wa kurudiwa, vinatoka kwenye cherehani ya mama yule mshonaji. Ijumaa atakuwepo ukumbini, pamoja na wanawe, ambao sasa wanampita kimo.

Tutayakosa mengi. Tutaukosa mlio wa viatu vyake vya mpira koridoni, na kopo la biskuti lisilokuwa na biskuti hata moja ila skrubu. Dereva wetu, ambaye tunamwita Taratibu, atamkosa kwa namna yake. Miaka ya mwanzo alikuwa akinuna, kwa sababu Bi Kabla kila alipopanda gari alishika ukingo wa kiti na kujisukuma nyuma kwa nguvu, na Taratibu alidhani gari lake linadharauliwa. Alipoelezwa sababu, naye akaanza. Mkewe anatuambia sasa anafanya hivyo hata kwenye kochi la sebuleni.

Bi Kabla, kuna watu wanaotua salama kila siku ambao hawakujui na hawatakujua. Kwa niaba yao, na kwa niaba yetu uliotufundisha kutoridhika na jibu la kwanza, asante sana. Tunakuombea afya, siku ndefu za kulima bustani yako bila simu ya dharura, wajukuu wenye maswali kuliko yako, na mume asiyeunguza tena sufuria.

Nawe unayesoma, uwe rubani, dereva wa lori au mwenye gari la nyumbani: leo, kabla hujawasha injini, shika ukingo wa kiti chako na ujisukume nyuma kwa nguvu.