Damu Haipandi Utosini

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, chini ya bati lililopinda mbele. Mwishoni hukaa fundi bomba tunayemwita Presha, kwa sababu kwake kila ugonjwa ni presha. Katikati hukaa dereva wa lori, Uwanja, aliyepewa jina hilo na utosi wake usio na nywele. Kinyozi husimama mlangoni na taulo begani. Mimi nauza kahawa hapo, kwa hiyo nasikia yote. Alhamisi ile Uwanja alikuwa na shida ya kweli. Jumamosi angekutana mara ya kwanza na mama mmoja mjane waliyezungumza naye kwenye simu miezi mitano, na picha aliyomtumia ilikuwa ya miaka tisa nyuma, akiwa na nywele zake zote.

— Siku mbili zimebaki, akasema Uwanja. Ziote hata za kudanganyia.

— Kaka, damu yako haipandi utosini, akasema Presha. Ghorofa nne bila pampu, watu wa juu wanaoga saa ngapi?

— Hawaogi.

— Basi ndiyo kichwa chako hicho. Ona ndevu. Ziko ghorofa ya chini, zinafurika.

Kinyozi akatikisa kichwa.

— Bomba ni zima. Tatizo kofia. Miaka ishirini unavaa kofia ya kubana, mishipa imelala. Inaamshwa kwa brashi.

— Brashi gani?

— Hii ya kusafishia mashine.

— Na wewe mbona una kipara?

— Mimi wateja hawanipi nafasi ya kujishughulikia.

Uwanja akanigeukia.

— Binti, wewe umesoma. Damu inafika juu au haifiki?

— Tulifika kwenye moyo, baba. Kichwani hatukufika, nikaacha shule.

— Mnaona, akasema Presha. Hata shuleni haifiki.

Wakakubaliana watumie dawa zote mbili. Uwanja akalala chali kwenye benchi, miguu juu ukutani, kichwa kikining'inia. Kinyozi akapiga magoti, akaanza kusugua.

— Uso umeiva, akasema Presha. Inashuka vizuri. Ongeza.

Kinyozi akaongeza. Ukingo wa bati wa ile brashi ukakwaruza utosi, damu ikatoka, tena si kidogo. Ikachirizika hadi sakafuni.

Mama mmoja aliyekuwa anakuja na kikapu akakiweka chini. Akatoa leso, akaukandamiza utosi bila kumwomba mtu ruhusa.

— Pole, baba. Mnamfanya nini?

Presha akamweleza yote: ghorofa, pampu, ndevu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

— Nimeelewa. Sasa kama damu haifiki huku juu, hii inayolowesha leso yangu imetoka wapi?

Presha akamtazama kinyozi. Kinyozi akaitazama brashi.

Uwanja, kichwa bado chini, akafumbua macho taratibu.

— Hiyo sauti naijua.

— Utaachaje kuijua? Kila jioni unaisikia. Nimetoka sokoni, nikakumbuka uliniambia benchi lako liko kwa kinyozi.

— Tulisema Jumamosi.

— Tulisema. Ila yule wa kwenye picha simwoni hapa.

— Ndiye mimi. Wa zamani. Niliogopa ukiniona hivi utakata simu.

Mama akaigeuza leso upande mkavu, akakandamiza tena.

— Mimi miezi mitano nimeongea na mdomo, sijaongea na nywele. Shusha miguu, baba, ukae kama mtu.

Uwanja akashusha miguu, akakaa. Kinyozi akaificha brashi mfukoni. Presha akasimama kumpisha mgeni. Nikawamiminia kahawa wale wawili, kwanza mama, kisha Uwanja, birika likatoa tone la mwisho.

— Na mimi je? akauliza Presha.

— Imeishia hapo katikati, baba. Huko haikufika.