Zebaki Kwenye Kamera za Baba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo nimesimama hapa na hasira, na sitaificha. Mimi ni Mama Glory wa mtaa wa Sofu, wengi mnanijua kwenye kwaya, sauti ya pili.

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga picha kule Kisarawe. Harusi, maulidi, kipaimara, picha za vitambulisho, wote walikuja kwake. Alipofariki aliniachia sanduku la bati lenye kamera za zamani na lenzi zake. Likakaa uvunguni mpaka mama yangu alipoanza kupoteza macho. Mtoto wa jicho, yote mawili! Nikamleta kwangu. Akawa anamimina chai nje ya kikombe, analisalimia pazia akidhani ni mimi. Daktari akasema akifanyiwa upasuaji ataona. Pesa sina. Nikasema, Bwana, kamera zipo!

Ndugu zangu, mimi kamera sizijui. Nilizipanga juu ya khanga, nikazipiga picha kwa simu, nikaziweka mtandaoni: "Kamera za marehemu baba zinauzwa. Kama zinafanya kazi sijui." Wakanicheka! Mmoja akauliza kama zinaingia laini mbili. Ni mmoja tu aliyeandika kistaarabu, dada mpiga picha wa Dar. Akaomba aje aziangalie kwa macho yake.

Kabla hajaja, akapiga simu mwanaume mmoja, sauti nzito, ya upole. Alijiita Dokta. "Mama, hiyo lenzi kubwa pichani ukiiweka juani inatoa rangi gani?" Nikatoka nayo juani. Zambarau! Akashusha pumzi. "Mama, usimwonyeshe mtu. Humo kuna zebaki nyekundu."

Msicheke! Nani hapa hajawahi kusikia kwamba zebaki nyekundu imo kwenye redio za zamani na cherehani za bibi, na kwamba wazungu wanaitafuta kwa mamilioni? Nikaamini. Yule dada wa Dar nikamwita mwizi, nikambloku. Dada wa watu!

Halafu Dokta akatoa sharti. Zebaki inaogopa maombi, akasema. Mpaka atakapokuja kuitoa, asiombe mtu ndani ya nyumba hiyo. Na mimi, mwanakwaya, nikanyamaza! Ibada ya nyumbani nikaiacha. Mama akauliza, "Mwanangu, mbona siku hizi hatuombi?" Nikamjibu nimechoka. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, ndugu zangu. Mtu nisiyemjua hata sura alinifunga mdomo ndani ya nyumba yangu, kwa simu tu!

Akaja mchana, na begi jeusi. Sasa kwetu mgeni akifika wakati wa chakula, anakula. Nikatenga wali na maharage juu ya lile sanduku, maana tangu nilitoe uvunguni ndilo lilikuwa meza yetu. Dokta akapeleka mkono kwenye sahani. Mama hakujua lolote kuhusu sharti, na mama yangu hawezi kumwacha mgeni ale chakula kisichoombewa. Akapapasa mpaka akalipata sanduku, akaweka viganja juu yake, akaanza. Akauombea wali. Akamwombea mgeni na safari yake. Akaviombea na vitu vya marehemu mume wake vilivyomo humo. Aliomba sana, mnamjua mama!

Dokta akaruka juu. "Mmeiua! Zebaki imekufa!" Akasema dawa zake za kuitolea zebaki zimeharibika, kwa hiyo kamera zote anazichukua ziwe fidia. Akasukuma sahani pembeni, akashika sanduku.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa. Nikalikalia lile sanduku! Nikapaza sauti mtaa mzima wakasikia: "Toka kwa jina la Yesu! Baba yangu aliomba kila asubuhi kabla ya kuzigusa kamera hizi. Mbona hiyo zebaki haikufa wakati ule?" Majirani wakaja na miiko mikononi. Dokta akakimbilia barabarani, begi akaliacha. Tukalifungua. Magazeti ya zamani na bisibisi!

Nikamtafuta yule dada wa Dar, nikamwomba radhi huku nalia. Akaja. Akaniambia ukweli wote: kamera mbili mbovu, lenzi moja ina ukungu, zilizobaki nzuri. Na ile zambarau? "Ni dawa tu wanayopaka kioo cha lenzi kiwandani, mama, mwanga usirudi." Akalipa bei ya haki, na mama akafanyiwa upasuaji.

Mchungaji anasema nimsamehe Dokta. Nimemsamehe! Lakini nikimkuta pale kituo cha basi cha Kwa Mathias, abiria wote watanisikia.

Ndugu yangu, labda na wewe kuna mtu anakuahidi utajiri, na sharti lake la kwanza ni usiombe, usimwambie mtu. Mfukuze leo! Mtumaini Mungu, ambaye hajawahi kumwambia mtu anyamaze ndipo ambariki. Namshukuru kwa maombi ya mama yangu, yule pale, kiti cha tatu. Mama, simama. Waambie, kitenge nilichovaa kina rangi gani?

"Zambarau, mwanangu. Na kilemba chako kimekaa upande."

Mmesikia wenyewe! Mpeni Bwana makofi, mimi nitengeneze kilemba.