Bichwa Kumi na Moja bya Papa Phinées

Leo, tarehe 28 mwezi wa sita 2025, Papa Phinées Lusenge anaenda retraite, anapumzika kisha miaka makumi tatu na moja ya kazi katika hoteli yetu ya Butembo. Aliingia akiwa kijana wa Vuhovi wa kubeba maji ya jikoni. Anatoka akiwa mutu pekee, tangu Lubero mpaka Eringeti, mwenye kujua kurudishia kichwa cha swala uzuri yake. Kama kuko mwingine, asimame tumuone.

Bichwa bya swala byenye bilikuwa ku ukuta ya salon ni bya zamani za baplanteurs ba kahawa, bale ba kuwinda. Papa Phinées mwenyewe hakuuaka hata nyama moja. Hata kuku anaogopa kuchinja. Lakini alikuta bidudu binakula bile bichwa, masikio inaangukia baclients ndani ya supu. Akajifunza mwenyewe: anashona ngozi na uzi ya biatu, anaweka naphtaline ya kufukuza bidudu, anapakala pembe mafuta ya mawese. Jicho ikikosekana, anaikata ku chupa ya bia. Njo maana balevi bote banasemaka Kambale ni ndugu yao.

Ndiyo, Kambale. Kila kichwa alikipatia jina ya Kinande, sawa batoto ba nyumba moja: Nzanzu, Kambale, Kasereka. Kavuo hana pembe, ni mwanamuke. Tajiri mumoja wa zahabu kutoka Manguredjipa alitaka kumununua, lakini abandikwe kwanza pembe. Papa Phinées akamuonyesha mulango.

Wakati masasi ilikaribia annexe yetu ya Beni, kwenye bile bichwa bilikuwa bimeazimwa, patron wa hoteli alisema tuokoe matelas ya kulalia na groupe électrogène ya umeme. Papa Phinées akasema: swala kwanza. Mimi njo nilikuwa ku volant, na hakuna chauffeur mwingine angepita ile matope. Juu ya mvua, alikalisha bichwa ku mabanc ya camion, akabifunika na mablanketi. Ku barrière ya basoda kila mutu anashuka na carte d'électeur, kitambulisho yake. Soldat mumoja akapiga kelele:

— Na ule wa nyuma, mbona hashuke? Carte yake iko wapi?

— Chef, ule ni Kasereka, Papa Phinées akajibu. Hana miguu.

Soldat akainua blanketi. Alikimbia vile, nafikiri saa hii amefika Kisangani. Benzake bakamufuata, bunduki zikabaki chini. Mimi mwenyewe nilishuka kuinua kamba ya barrière, tukapita.

Sasa Directeur wetu, Bwana Blaise, amesema ukuta ni ya televisheni, na kwamba Papa Phinées akitoka hakuna mutu wa kuchunga bile bitu: bitupwe ku poubelle. Papa Phinées hakulia, hakubembeleza. Aligawia kila mufanyakazi kichwa kimoja, akatufundisha brosse, sindano na naphtaline mpaka tulijua. Godelive wa jikoni alibeba Kavuo. Mimi nilibeba Kasereka. Muke wangu Jeannine aliapa hatalala nyumba moja na pembe. Leo anamusalimia asubuhi mbele ya kunisalimia mimi, na majirani banapanga mustari kwa kupiga naye picha.

Donc, Bwana Directeur, usishangae kuona swala bote kumi na moja banakaa ku banc ya kwanza, mablanketi ku mabega. Hawakuja kuaga. Bamerudi kwao. Bachungaji sasa tuko kumi na moja. Misumari iko palepale, Godelive iko na ngazi, na kisha hotuba yako tunapanda kubatundika. Mwenye kukataa, amuombe Kasereka carte.

Papa Phinées, aksanti sana. Enda ulime maharagi yako ya Vuhovi na afya, ulale muchana bila kengele ya mutu. Siku utashuka Butembo, ingia salon bila kubisha: batoto bako utabakuta ku ukuta.

Tonton Kitsa, chauffeur